Kata Kutoka Tangi la Nne

Jambo la kwanza nililoliona lilikuwa jani la mgomba.

Bibi yangu, Bibi Esha, alikuwa amefunika mtungi wake wa uraka, pombe yetu ya mabibo, kwa jani hilo na kulikaza kwa kamba ya ukindu, kama anavyofanya kila msimu wa mabibo. Jani la mtungi wa uraka hutuna kidogo, kisha hulegea, maana pumzi ya uraka ni nzito na hutambaa polepole pembeni. Jani hili lilikuwa limekaza kama ngozi ya ngoma. Juu yake, utando wa buibui uliokuwa ukining'inia kutoka kwenye paa ulikuwa unatikisika, na jikoni hapakuwa na upepo.

Niliinama nikanusa. Sikusikia harufu ya mabibo yaliyochacha. Nilisikia harufu ya siagi iliyokaa juani, ile ninayorudi nayo kwenye nguo zangu kila siku nikitoka kazini.

"Unanusanusa nini kama paka?" Bibi aliuliza. Alikuwa anatwanga kisamvu, na nyuma yake moto wa kuni ulikuwa unawaka.

"Bibi, tuzime moto."

"Na hiki kisamvu kitaiva kwa macho yako?"

Mimi si mtu wa maneno. Nilichota mchanga mlangoni kwa mikono miwili nikaufukia moto. Bibi alibaki ameshika mchi juu, kinywa wazi. Tangu anichukue kunilea sikuwahi kugusa moto wake bila kuambiwa.

"Siwema! Umeingiwa na nini?"

"Tuutoe mtungi nje, Bibi. Halafu nitakuonyesha."

Tuliubeba mpaka katikati ya uwanja, mbali na paa. Nilitoboa jani kwa mwiba, nikainamisha chupa tupu juu ya tundu na kungoja. Kisha nikaiinua ikiwa bado imeinama, kama tunavyofundishwa kwenye matangi, maana gesi hii haimwagiki kwenda chini, hukimbilia juu. Niliwasha njiti ya kiberiti nikaisogeza mdomoni mwa chupa.

Pap! Chupa ilibweka kama mtoto wa mbwa.

Bibi aliruka nyuma, kisha akasogea tena. Alinipokonya chupa, akaiangalia kwenye jua. Ndani yake palikuwa na ukungu. Aliingiza kidole, akalamba.

"Maji," alisema. Uso wake wote ulifunguka. "Siwema, mtungi wangu unazaa maji!"

Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Kwenye uwanda wetu huu wa Mnalunde, juu ya mchanga usiohifadhi hata tone, hakuna mtu atakayeogopa kitu kinachozaa maji.

* * *

Kazi yangu ni kulisha matangi. Watu hutuletea mabibo ambayo zamani yaliozea mashambani baada ya korosho kung'olewa. Tunayasaga, tunatia majivu ya mkorosho ili uchachu usizidi, tunayamimina kwenye tangi lililofungwa lisipate hewa. Ndani wamo vijidudu ambao wazee wao walitolewa tumboni mwa mchwa. Wao hula sukari ya bibo na kutoa haidrojeni. Gesi hiyo huenda kwenye kisanduku cha umeme, ikakutana na hewa, ikatoa umeme na maji matone kwa matone. Hayo matone ni machache. Umeme ndio unaosukuma pampu, na pampu ndiyo inayopandisha maji kutoka bondeni.

Kabla ya pampu tulikuwa tunateremka kwa miguu. Mimi niliacha shule darasa la tano kwa sababu ya mteremko ule. Mama yangu aliteleza kwenye mteremko ule akiwa na ndoo kichwani, na hakuinuka tena.

Vijidudu wa tangi walitengenezwa na kufuli ndani yao. Wasipopata chumvi ya bluu hufa. Waliotengeneza walifanya hivyo makusudi, ili wakitoroka wasiishi kokote. Lakini masika iliyopita daraja lilivunjika, na chumvi haikufika. Tangi la Kwanza likanyamaza, la Pili likafuata, la Tatu nalo. Tangi la Nne lilikuwa linapumua kwa shida kama mgonjwa. Kisha, bila chumvi, likaamka. Likatoa gesi kuliko zamani. Tuliinua mikono tukashukuru, na hakuna aliyeuliza sana.

Sasa nilikuwa nimekaa kwenye kinu kilicholazwa, mbele ya Bibi, nikiuliza.

"Bibi, machicha ya kuchachulia mtungi huu umeyatoa wapi?"

"Ni yangu mwenyewe. Ya mama yangu."

"Hukuchanganya na kitu?"

Alifikiri. "Unakumbuka tangi lenu lilipougua? Nilikuletea chakula kule. Wewe ulikuwa juu ya ngazi, mlango wa kulishia uko wazi. Nikaliangalia nikasema, maskini, hili halina hata jirani wa kuliazima chachu. Nikalimiminia kata moja ya machicha yangu."

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Kata, Bibi. Uliirudishaje?"

Alinitazama kama niliyepotewa na akili. "Ningeondoka na kata tupu? Kama ninayetoka kwa watu wenye kinyongo? Nilichota kidogo humo humo nikarudi nayo."

Kwetu chachu haiuzwi. Mtungi wa mtu ukigoma, jirani humpelekea kata ya machicha, na kata ile hairudishwi bila kitu ndani yake. Bibi alikuwa amelifanyia tangi adabu ileile anayomfanyia mtu.

"Na baada ya hapo, nani mwingine umempa?"

"Niulize nani sijampa," alisema Bibi. "Msimu huu mtungi wangu umechangamka, kila mtu anautaka."

* * *

Mjomba wangu Chitanda ndiye mwenyekiti wa kamati ya matangi. Ni kaka yake mama yangu, na nyumbani kwetu neno la mjomba ndilo linalofunga mazungumzo. Nilimkuta chini ya Tangi la Nne akipita kwenye mabomba na ufagio wa chelewa ameutanguliza mbele. Sote hutembea hivyo pale. Moto wa haidrojeni hauonekani mchana. Bomba likivuja na kushika moto, utauona ufagio unateketea kabla hujaupeleka uso wako.

Nilimweleza. Aliuegemeza ufagio ukutani, akakaa kwenye ngazi.

"Umemwambia nani?"

"Bibi tu, Mjomba."

"Vizuri. Ibaki hapo."

"Mitungi imo majikoni, Mjomba. Na kuna moto."

"Nitawaambia wakapikie nje. Taratibu, kwa njia yangu, Tunu akishaondoka."

Mhandisi Tunu ni dada wa Lindi anayekagua matangi ya uwanda wote. Daraja lilikuwa limetengenezwa, na kesho yake alikuwa anakuja na chumvi.

"Sikiliza, mpwa wangu," alisema Mjomba, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Unajua Tunu akisikia atafanya nini? Sheria yao ni moja. Kijidudu kilichovunja kufuli kinapikwa. Atalipika hili tangi. Aanze upya na mbegu ya chumvi, na mbegu ile ikue, huku bomba limekauka. Na daraja likivunjika tena? Tuanze tena kuomba chumvi?" Alilipiga tangi kofi la upole, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake. "Huyu haombi chumvi kwa mtu. Ni wa kwetu. Kwa mara ya kwanza tuna kitu ambacho hakuna mtu wa mbali anayeweza kukizima. Ningekuwa nacho zamani, dada yangu angekuwa hai."

Alikuwa anasema kweli.

"Majiko yamezibwa juu, Mjomba," nilisema hatimaye. Mapaa yetu ya siku hizi ni ya kunasa umande, shuka moja lisilo na tundu, lililokazwa mpaka ukutani; gesi ikipanda haina pa kutokea.

"Nimekusikia. Nenda nyumbani."

Niliondoka na ufagio wake mkononi. Sikuuomba.

Nilipita nyumba kwa nyumba. Kila niliyemkuta nilimsalimia, nikamwomba nione mtungi wake, naye akanikaribisha akidhani nimetumwa na Bibi. Harufu ilikuwa ileile kila mahali. Nilikuwa najiambia kwamba Mjomba atasema, kwamba siku chache hazidhuru, kwamba mimi ni nani. Hivyo ndivyo nilivyofika kwa Mama Likapa.

Alikuwa uwani anaanua nguo. "Ingia tu, mwanangu, umo jikoni. Usimwamshe mtoto, leo kanisumbua huyo."

Nilitanguliza ufagio mlangoni kwa mazoea tu. Mtungi ulikuwa karibu na mafiga, makaa machache bado mekundu. Jani lake lilikuwa limepasuka ukingoni. Niliona jani, niliona mtungi, niliona ukuta nyuma yake, safi, bila kitu. Kisha ncha za chelewa zikageuka nyekundu zenyewe, zikajikunja, zikaanza kuteketea.

Ulikuwa unawaka. Mtungi wote ulikuwa unawaka mdomoni, na hakuna jicho lingeuona.

Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka upande wa pili, kichwa chini ya shuka la paa. Nililala chini kifudifudi, nikatambaa, nikamvuta pamoja na mkeka wake hadi uwani. Mama Likapa alipiga ukelele alipouona ufagio. Tulitupa mchanga kutoka mlangoni mpaka mtungi ukafukiwa.

"Kulikuwa na nini mle?" alikuwa anauliza, amemkumbatia mtoto, akinitikisa bega. "Siwema, kulikuwa na nini? Sikuona kitu!"

"Kesho," nilisema. "Kesho nitawaambia wote. Leo usiwashe moto."

* * *

Asubuhi wanawake hupanga ndoo kwenye bomba lililo mbele ya matangi. Mhandisi Tunu alifika na pikipiki yake, magunia ya chumvi yamefungwa nyuma, suruali ina vumbi jekundu mpaka magotini. Alipokiona kipimo cha gesi cha Tangi la Nne, alicheka kwa furaha.

"Mwenyekiti! Kote nilikopita matangi yamekufa. Ninyi mmelifanyaje hili?"

"Uangalizi," Mjomba alisema.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya ndoo yangu. Kwenye mikutano mimi hukaa nyuma, na nikiitwa jina husema ndiyo, basi. Nilipanda kwenye ukingo wa saruji wa bomba kwa sababu chini sikuweza kuwaona watu, na nilitaka nimwone Mama Likapa.

"Lililoko tangini limo pia mitunginu," nilisema, nikajikosoa. "Limo kwenye mitungi yenu."

Sauti haikufika. Mtu mmoja akasema, "Paza sauti, mwali!" Wakacheka. Nikasema tena, na safari hii niliendelea mpaka mwisho. Nilisema juu ya machicha, juu ya chupa iliyobweka, juu ya moto usioonekana. Sikumtaja Bibi. Bibi mwenyewe alinyoosha mkono kutoka nyuma.

"Kata ni yangu," alisema. "Msimsumbue mtoto."

"Kwa hiyo tulikuwa tunapika uraka au bomu?" aliuliza mama mmoja.

"Ndiyo maana mume wangu akinywa anapaa!" akajibu mwingine, na kicheko kikapasuka. Lakini Mama Likapa hakucheka. Alimwinua mtoto wake juu, wamwone.

"Huyu jana alikuwa analala chini ya moto," alisema. Kicheko kikafa.

Mhandisi Tunu alinisogelea. Hakuwa na hasira. Aliniuliza maswali machache, yote ya maana, akakaa kwenye gunia la chumvi na kushika kichwa.

"Hata wao huazimana," alisema, kama anayejisemea. "Vijidudu. Wakikaa chombo kimoja hupeana vipande vya maumbile yao. Machicha ya Bibi yalikuwa na wenyeji wake wanaojua kuishi bila chumvi. Wakawapa wageni ujuzi huo." Akainua uso. "Lazima tuwamalize, kwenye tangi na kwenye mitungi. Wakishafika mashimo ya vyoo, matumbo ya mbuzi, maghala ya mihogo, hatutawapata tena."

"Tutachemsha mitungi," mama mmoja alisema. "Kazi ya asubuhi moja."

Tunu alinitazama mimi, nami nilijua kwa nini. Kila msimu, kabla ya kuanzisha tangi, tunachemsha tope la mbegu. Vijidudu wengine wote hufa. Hawa wetu hujifunga ndani ya ganda gumu, wakangoja maji yapoe, wakatoka. Kwa kuchemsha tunawachagua, hatuwaui.

"Kuchemsha hakutoshi," nilisema. "Wanajificha. Hata kwenye udongo wa mtungi wamo. Mitungi irudi tanuruni, ichomwe mpaka iwe myekundu, kama ilivyochomwa siku ya kwanza."

"Itapasuka," mtu alisema.

"Mingine itapasuka."

"Wangu ni wa marehemu mama."

Sikuweza kumtazama aliyesema hivyo.

"Na tangi?" Mjomba Chitanda aliuliza. Alikuwa amesimama peke yake kando ya ngazi.

"Mvuke wa shinikizo, wenye joto kupita maji yanayochemka," Tunu alijibu. "Kisha mbegu mpya. Itachukua muda kukua, Mwenyekiti. Sitakudanganya. Pengine mpaka korosho za mwisho ziokotwe."

"Na maji?"

Tunu aligeuka akatazama foleni ya ndoo.

"Waambie basi," Mjomba aliniambia mimi, mbele ya wote. "Wewe uliyepanda juu ya bomba. Waambie watakunywa nini. Waambie ni nani kati yao atakayeteleza."

Watu walingoja. Nilitaka kushuka, nikimbie. Lakini mkeka ule ulikuwa kama bado umo mikononi mwangu, uzito wake na uzito wa mtoto juu yake.

"Sijui ni nani, Mjomba," nilisema. "Pengine ni mimi. Anayeteremka anaiona njia. Anaweza kushika mti, anaweza kupumzika. Mtoto aliyelala hauoni moto ule. Hata mama yake hauoni."

Mama Likapa alichukua ndoo yake iliyokuwa ya kwanza kwenye foleni. Alilifunga bomba kwa mkono wake mwenyewe.

"Miguu si tunayo?" alisema. "Twendeni tukailete mitungi."

* * *

Tulichimba shimo refu nje ya kijiji, tukalijaza matawi makavu ya mikorosho na makumbi. Wanawake walileta mitungi vichwani, mmoja mmoja, bila nyimbo. Wengine waliiosha kwanza, ingawa hapakuwa na haja na maji yalikuwa ya thamani. Moto uliposhika, tulisikia mitungi ikilia ndani. Mingine ilipasuka kwa mlio mkavu. Mwenye mtungi aliutambua mlio wake, sijui kwa vipi. Kila mara mmoja wetu alikuwa anafumba macho.

Bibi hakuja pale. Mtungi wake aliuleta Mjomba, ameukumbatia, akauweka shimoni mwenyewe. Kisha alinifuata mpaka kwenye tangi na kuanza kukaza kifuniko cha mlango wa kulishia upande wa pili, mimi nikikaza wa kwangu, maana kazi ile inataka watu wawili.

Tunu alikuwa ameunganisha bomba la mvuke. Gesi iliyobaki ilikuwa imeachiwa angani. "Anayelilisha ndiye anayelijua," aliniambia. "Ukiwa tayari, fungua valvu polepole."

Niliweka mkono kwenye usukani wa valvu. Tangi lilikuwa vuguvugu kama tumbo la mnyama. Nilililisha lilipokuwa linakufa, nikafurahi lilipoamka.

Ndipo Bibi alipotokea akitembea juani, amejifunga khanga kiunoni, kata mkononi.

"Ngojeni," alisema.

Alisimama karibu yangu. Hakumtazama Tunu, wala Mjomba, mwanawe.

"Mtungi nimetoa. Sikubishana," alisema. "Lakini chachu ile alinipa mama yangu. Yeye alipewa na mama yake, walipoupanda uwanda huu, wakiwa hawana kitu ila watoto na mtungi. Mama yako pia nilimpa. Wewe nilitaka nikupe ukiolewa. Sasa mitungi yote imechomwa. Iliyobaki ni hii humu ndani, imechanganyika na hao wageni wenu, lakini imo." Alinyoosha kata. "Moja tu. Nitaiweka kule shambani, wazi, mbali na nyumba, mbali na moto. Hakuna atakayejua. Chota, mwanangu."

Mjomba aliacha kukaza. Aliniangalia, na machoni mwake sikuona ushindi, niliona kuomba. Tunu aligeuza uso akawa anaangalia barabara. Nilielewa kwamba hatasema kitu. Mlango wa kulishia ulikuwa bado na upenyo wa mkono mmoja.

Kata ile naijua. Kipini chake cha mpingo kimelainika kwa viganja vya watu ambao sikuwahi kuwaona. Ndiyo niliyonyweshewa maji siku waliyomleta mama kutoka bondeni, nilipokuwa nimelia mpaka koo likakauka. Mtu aliyeniomba ndiye aliyenipa kila kitu nilicho nacho, na aliomba kidogo sana.

Nilifikiria shamba lile la wazi. Nilifikiria jirani ambaye mtungi wake mpya ungegoma, akaja kwa Bibi jioni kwa heshima zote, na Bibi asiweze kumnyima.

Niliziba mdomo wa kata kwa kiganja changu. Kwa mkono wa pili nikausukuma mlango mpaka ukakaa, na Mjomba, baada ya kusita, akaukaza. Nikazungusha usukani. Mvuke ukaingia kwa mlio mrefu, tangi likatetemeka.

Kwetu kuna neno ambalo mtu hamwambii mwenzake. Hata mliyegombana naye, akileta chombo chake, unamtilia japo punje za mahindi, japo chumvi. Sikuwahi kulisikia likisemwa nyumbani mwetu, na mimi, ambaye hata mambo madogo huyameza, sikudhani ningelisema kwake yeye wa kwanza. Nilimshika Bibi mkono, nikamfungia vidole vyake juu ya kipini.

"Bibi," nilisema, "kata yako inarudi tupu."